Nyumba ya mbao Kianjokoma: kuziba upepo bila kujizibia pumzi

Sisi watu wa Pwani tumezaliwa katika nyumba zinazoutafuta upepo. Madirisha tunayaelekeza baharini, dari twaziweka juu, makuti yapumua yenyewe, na kaskazi ikilegea twatoka kulala barazani. Mchukue mtu wa namna hiyo umpeleke Kianjokoma, kaunti ya Embu, kwenye miteremko ya Mlima Kenya, zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, mwezi wa Julai. Kuna majani chai kila upande, ukungu washuka toka msituni, na manyunyu hayajui kukoma. Huko upepo si neema tena, hasa saa kumi za usiku.

Mdogo wangu ni mmoja wa hao. Alikwenda kuuza nguo, akaoa huko huko, akajijengea nyumba ya mbao ya vyumba viwili, yeye na fundi mmoja. Mara ya kwanza nilipolala kwake niliona taa ya jirani kupitia ukutani. Nilijifunika blanketi tatu na kanzu juu yake. Tangu hapo tumeiziba nyumba ile kidogo kidogo, tukakosea mara kadhaa, na kosa moja nusura litugharimu roho. Naandika kwa sababu wengi wenu mna watoto na ndugu walioko bara, na nyumba za mbao ndizo wanazozimudu.

Kwanza fahamu kwa nini nyufa hutokea. Mbao nyingi za huko ni saipresi, mkaratusi, au mgrevilea ambao wenyewe huuita mukima. Huuzwa zikiwa mbichi, maji yangali ndani. Ubao ukikauka hupungua upana, urefu haubadiliki kwa kiasi cha kuonekana. Ubao wa inchi 8 unaweza kupungua milimita 5 au zaidi. Kwa hiyo ukuta ulioshikana vizuri siku ya kupigiliwa misumari, miezi minne baadaye wapitisha kidole. Fundi hajakuibia. Dawa yake ni subira: nunua mbao mapema, zipange kivulini juu ya vipande vinavyoziinua kutoka ardhini, weka vijiti kati ya ubao na ubao hewa ipite, ziweke uzito juu zisipinde, na uziache miezi kadhaa. Asiyeweza kungoja, na mdogo wangu hakuweza, ajue ataziba baadaye.

Pili, tafuta upepo unapoingia kabla ya kutumia senti. Hapa sisi tuna chombo ambacho wenzetu hawana: chetezo. Chagua asubuhi yenye upepo nje, funga milango na madirisha, tia kaa moja na kipande cha udi, kisha tembea polepole ukipitisha moshi kandokando ya kuta, pembe, miimo ya mlango, chini sakafuni na juu chini ya paa. Moshi ukipanda wima, hapo pazima. Ukilala au ukivutwa, tia alama kwa chaki. Sisi tulidhani adui ni nyufa za ukutani. Chaki ilituonyesha kwamba sehemu kubwa ilikuwa juu, pale mabati yenye mawimbi yanapokutana na ukuta, na chini, ukuta unapokutana na sakafu.

Na hizo mbili ni ndugu. Hewa ya moto ni nyepesi, hupanda na kutorokea juu, na ikitoka huivuta ya baridi kutoka chini. Ukianza kuziba juu, hata ule upepo wa miguuni hupungua. Kwa hiyo anza na dari. Mbao nyembamba zitafaa, au bodi za dari za dukani. Muhimu ni pembe zake zizibwe. Dari huondoa na balaa jingine: pumzi za watu na mvuke wa sufuria ukigusa mabati ya baridi hugeuka maji, na alfajiri wanyeshewa ndani ya nyumba bila mvua kunyesha. Nafasi iliyo kati ya dari na mabati iachie matundu yenye wavu kila upande ili unyevu utoke. Ukiifunga kabisa, kenchi zitaoza.

Sasa kuta. Nilimwambia mdogo wangu, "Si tupige kalafati tu, kama jahazi?" Akacheka, akasema, "Kaka, jahazi laelea majini. Hili langu laelea juani." Alisema kweli. Kule Lamu fundi husokota pamba yenye mafuta akaipigilia kati ya mbao, chombo kikiingia majini mbao hufura na kuibana. Nyumba ya Kianjokoma hufura wakati wa mvua za Machi hadi Mei na za Oktoba hadi Disemba, halafu Januari na Februari hunywea tena. Ukijaza ufa kwa kitu kigumu kama saruji, au unga wa mbao na gundi, utapasuka au kudondoka mwaka huo huo. Tulijaza, ukadondoka.

Kilichofaa ni kalafati laini ya kamba ya katani iliyosokotwa, ikasukumwa ndani kwa bisibisi butu, kisha juu ya kila ufa, upande wa nje, ubao mwembamba wa upana wa inchi 2. Na hapa pana siri ambayo mafundi wengi huipuuza: ubao huo wa kufunika upigiliwe kwenye ubao mmoja tu wa ukuta, si yote miwili. Ukiifunga yote miwili, ukuta ukicheza ama msumari utang'oka ama ubao utapasuka.

Mlango na madirisha ni kazi ya saa moja: utepe wa sponji kwenye miimo na kizingiti cha mbao chini. Sakafuni piga ubao wa pembeni kuzunguka chumba, tandika kapeti ya nailoni na mkeka juu yake. Lakini usizibe uwazi ulio chini ya sakafu kwa nje. Huko hewa ni lazima ipite, la sivyo unyevu na mchwa watakula nguzo. Na wale wanaobandika magazeti na maboksi ukutani kwa uji wa unga, upepo kweli hupungua, lakini mmejijengea ndani ya kibiriti.

Nije kwenye jiko. Nyumba ilipokwisha kuzibika, Julai ile mdogo wangu alifanya wafanyavyo wengi: baada ya kupika aliliingiza jiko la makaa chumbani, moto ukiwa umefunikwa na jivu, bila moshi hata kidogo. Usiku mkewe akaamka kichwa chapasuka, ajikokota, amwita mumewe ajibu kama mlevi. Alhamdulillahi alipata nguvu ya kufungua mlango na kuwatoa watoto nje. Ile ni kaboni monoksaidi. Haina harufu wala rangi, makaa huitoa hata yakiwa yamefifia chini ya jivu, na humlaza mtu kabla hajashtuka. Nyumba ile ilipokuwa na nyufa tele, upepo tuliokuwa tukiulaani ndio uliokuwa ukiibeba.

Dalili ni kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu na miguu kulegea, hasa zikiwapata watu wa nyumba moja kwa pamoja. Watoe nje mara moja, kisha hospitali, hata kama wanasema wamepata nafuu. Na usidanganyike kwamba dirisha likiachwa wazi kidogo makaa yawa salama. Hayawi. Hata chetezo, kwa chumba kilichozibwa, kitoke kabla ya kulala.

Chumba chenyewe nacho chahitaji hewa safi kwa ajili ya watu. Tulitoboa matundu mawili kila chumba, moja karibu na dari na jingine chini upande wa pili, kila moja kama upana wa kiganja, yenye wavu na kifuniko cha kutelezesha kisichojifunga kabisa. Jiko sasa liko kwenye kibanda cha uani na halivuki kizingiti. Baridi wanaikata kwa blanketi nzito na chupa za maji moto zilizofungwa kwa leso, moja kwa kila mtoto.