Taashira: Raketi Inapomsema Mwenyewe

Magazeti ya michezo yakiandika kwamba mshambuliaji ametundika daluga, hakuna msomaji anayeuliza zimetundikwa kwenye msumari gani. Daluga zimeshika nafasi ya kazi yake yote ya uwanjani. Tamathali hiyo ni metonimia, na Kiswahili huiita taashira: kutaja kitu kilicho karibu na mtu ili aeleweke yeye, kazi yake au tabia yake. Sitiari hudai mfanano. Taashira hutosheka na ukaribu. Daluga hazifanani na mchezaji, anazivaa tu.

Waandishi wa hadithi za mapenzi wameufaidi ukaribu huo. Katika A Room with a View ya E. M. Forster (1908), wenzake wakicheza tenisi, Cecil anazungukazunguka kando ya uwanja akiwasomea kwa sauti riwaya mbovu. Baadaye anaombwa ashike raketi ili watimie wanne. Anakataa, yeye, eti, ni mtu wa vitabu. Jioni hiyohiyo Lucy anauvunja uchumba wao. Cecil anashangaa, kwani kutojua tenisi ni kosa? Lucy anamjibu kwamba kwa kutimiza idadi tu angetosha, na kukataa kwake kulimchukiza. Raketi ambayo hakuishika ndiyo iliyomsema.

Tolstoy naye, katika Anna Karenina, anampa Levin viatu vya kuteleza kwenye barafu: anashuka navyo ngazi, anapepesuka, anagusa barafu kwa mkono, anainuka akicheka, na Kitty, binti anayempenda, anamwona. Vronsky, mpenzi wa Anna, anapewa tandiko. Mbioni anakalia vibaya farasi wake akiwa hewani, uti wa mgongo wa mnyama unavunjika, naye kwa hasira anampiga teke la tumbo. Msomaji makini anaanza kumhofia Anna hapo. Mwanaisimu Roman Jakobson aliitaja riwaya hiyohiyo mwaka 1956 alipoeleza metonimia, ila yeye alichagua mkoba wa Anna.

Vitabu vyetu vya Kiswahili havikubaliani: vingine hulitumia neno taashira kwa ishara ya aina yoyote. Mimi naona tunapoteza kitu. Njiwa ni ishara ya amani hata akichorwa peke yake kwenye bango. Tandiko la Vronsky bila makalio ya Vronsky halisemi lolote.