Mizengo Pinda

Mizengo Kayanza Peter Pinda (amezaliwa 12 Agosti 1948) ni mwanasheria na mwanasiasa wa Tanzania wa chama cha CCM. Alikuwa waziri mkuu kuanzia Februari 2008 hadi Novemba 2015.

Maisha ya awali

Alizaliwa katika eneo la Mpanda, ambalo baadaye lilikuwa sehemu ya Mkoa wa Rukwa. Tangu mwaka 2012 liko katika Mkoa wa Katavi. Alisoma katika seminari ndogo ya Kaengesa, kwenye nyanda za juu za Ufipa karibu na Sumbawanga, halafu Pugu. Hakuendelea na upadre. Alipata shahada ya sheria katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 1974, akaajiriwa kama wakili wa serikali.

Tangu 1978 alifanya kazi Ikulu, ambako alipitia vipindi vya marais Nyerere, Mwinyi na Mkapa. Watu wengi nje ya serikali hawakumjua hadi alipochaguliwa mbunge wa Mpanda Mashariki mwaka 2000.

Waziri mkuu

Tarehe 7 Februari 2008 Edward Lowassa alijiuzulu kutokana na kashfa ya Richmond. Kesho yake Rais Kikwete alimteua Pinda, na Bunge likamthibitisha kwa kura 279 dhidi ya mbili. Mwenyewe alijiita "mtoto wa mkulima", na jina hilo likamganda.

Kwa mtu aliyesomea sheria, matatizo yake makubwa yalitokana na kauli zilizohusu sheria yenyewe. Mwanzoni mwa 2009, wakati watu wenye ualbino walipokuwa wakiuawa hasa Kanda ya Ziwa, alisema kwamba anayekamatwa akifanya mauaji hayo naye auawe papo hapo. Alipobanwa bungeni aeleze kauli hiyo, alilia mbele ya wabunge.

Juni 2013, akijibu swali bungeni, alisema wanaokaidi amri za vyombo vya dola wapigwe, maana serikali imechoka. Safari hii wanasheria wenzake hawakuishia kulalamika: Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu pamoja na Chama cha Wanasheria Tanganyika walimfungulia kesi Mahakama Kuu. Upande wa serikali ulitegemea kinga ya ibara ya 100 ya katiba, inayolinda uhuru wa majadiliano bungeni. Mwaka 2014 kesi ilitupwa kwa kuwa walalamikaji hawakuwa na haki ya kisheria ya kuifungua. Hivyo swali lenyewe, kama kinga hiyo inamlinda pia kiongozi anayeonekana kuruhusu raia wapigwe, halikusikilizwa kwa undani.

Mwaka 2010 alichaguliwa mbunge wa Katavi. Mwaka 2015 aliomba kugombea urais kupitia CCM, lakini chama kilimteua John Magufuli. Kassim Majaliwa alishika nafasi yake ya uwaziri mkuu mwezi Novemba mwaka huo.