Kifua kikuu sugu kinapofika kwenye ubongo

Tukitaja Kakuma, wengi hukumbuka kambi ya wakimbizi iliyofunguliwa 1992. Leo naitaja kwa sababu ya kifua kikuu cha utando wa ubongo. Bakteria husafiri kwa damu kutoka mapafuni, na mwenye VVU yuko hatarini zaidi. Dalili huja polepole: kichwa kuuma kwa majuma, homa, kutapika, shingo kukakamaa, kuchanganyikiwa. Hupimwa maji ya uti wa mgongo. Mashine ya GeneXpert huonyesha kama bakteria ni sugu kwa rifampisini. Matibabu huweza kufika miezi 12, na kuyakatiza huzaa usugu. Kwa mfugaji anayehama na mkimbizi anayehamishwa, nasihi yangu ni moja: usiondoke bila barua ya kliniki na dawa za njiani.