Bahari Iliyopanda Treni

Kijana mmoja, jirani yangu, alinunua tangi la kioo, akachota maji ya bahari kando ya bandari na kutia samaki wake humo. Hawakumaliza juma. Alinilalamikia kwamba maji yalikuwa ya kwao kabisa! Kweli, lakini yalikuwa na mafuta ya meli pia.

Kero hiyo ni ya zamani. Mwaka 1853 bustani ya wanyama ya London ilifungua jumba la samaki kwa watazamaji, na maji ya chumvi ilibidi yasafirishwe kutoka pwani. Mwaka 1854 Mwingereza Philip Henry Gosse akaamua kuyatengeneza mwenyewe: chumvi ya jikoni, haluli (naam, ile ile ya kuharishia), kloridi ya magnesiamu na ya potasiamu, vyote katika maji yasiyo na chumvi. Viumbe wake wakaishi.

Hata hivyo wakubwa hawakushawishika upesi. Jumba la Shedd, lililofunguliwa mwaka 1930 huko Chicago, mbali kabisa na bahari, lililetewa galoni milioni moja za maji ya bahari kutoka Key West, Florida, kwa mabehewa ya tangi. Fedha iliyoje! Siku hizi jumba hilo hilo huchanganya chumvi na maji lenyewe.

Jirani yangu sasa anataka kutumia maji ya bomba na chumvi ya jikoni. Nimemwambia chumvi hiyo peke yake haitoshi, na klorini ya bomba iondolewe kwanza. Samaki wabaki dukani kwa sasa.