DAFTARI, MASHINE NA MFANYAKAZI
Historia ya Mafunzo ya Biashara na Kompyuta: Fundisho la Mwera na Pwani ya Tanga

Katika madarasa ya elimu ya siasa swali moja huulizwa mara kwa mara: masomo ya biashara na kompyuta yana nafasi gani katika shule ya sekondari ya nchi inayokusudia kujenga usawa? Wako wanaojibu kwamba biashara ni somo la mabepari, nalo humfundisha kijana kumnyonya mwenzake. Wako wengine wanaojibu kwamba biashara ndilo somo pekee lenye maana siku hizi, kwa kuwa kila kijana akishakuwa mjasiriamali umaskini utakwisha wenyewe. Majibu yote mawili ni potofu. Yote yanalitazama somo kama kitu kilichoanguka kutoka mbinguni, bila kuuliza lilianzia wapi na lilimtumikia nani.

Makala hii inakusudia kuonyesha kwamba swali la msingi ni jingine: nani anashika daftari, na daftari hilo linahesabu jasho la nani? Tumeichagua Mwera, kata ya Wilaya ya Pangani iliyo kusini ya mto, kwa sababu katika eneo dogo kama hilo mambo makubwa ya historia ya nchi yetu huonekana waziwazi.

Daftari la deni

Kabla ya mkoloni, pwani ya Pangani haikuwa nchi isiyojua hesabu. Katika karne ya 19 Pangani ilikuwa mlango wa misafara iliyokwenda Kilimanjaro na Umasaini kutafuta pembe za ndovu. Misafara hiyo iliendeshwa kwa mkopo. Matajiri wa Zanzibar walitoa nguo, shanga na baruti, na kiongozi wa msafara akarudi na pembe za kulipia. Tajiri mashuhuri katika hao alikuwa Taria Topan, aliyemkopesha Tippu Tip. Kandokando ya mto Pangani nako kulistawi mashamba ya miwa yaliyolimwa na watumwa, na wenye mashamba hao nao waliishi kwa kukopa.

Tuangalie vizuri uhusiano huo. Mpagazi alibeba mzigo, mtumwa alilima muwa, mwenye shamba alijiona bwana. Lakini aliyejua nani anamiliki nini ni yule aliyekuwa na daftari la deni. Bei ikishuka au msafara ukiharibika, daftari lilifunguliwa na mali ikabadili mwenyewe. Mtumwa hakuwa na daftari lolote. Yeye mwenyewe aliandikwa ndani yake pamoja na mali nyingine.

Hata vita vya mwaka 1888 havieleweki bila jambo hili. Mwezi Agosti mwaka huo Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki ilifika Pangani kushika forodha kwa mkataba iliofunga na Sultani wa Zanzibar. Kushika forodha maana yake ni kuandika kila kinachoingia na kinachotoka, na kukitoza. Watu wa Pangani walikataa, na Bushiri bin Salim akawa kiongozi wa vita vilivyoenea pwani yote. Serikali ya Ujerumani ilileta jeshi, na mwezi Desemba 1889 Bushiri alinyongwa papo hapo Pangani. Kutoka siku hiyo daftari la forodha lilikuwa mikononi mwa mgeni mwenye bunduki.

Shule ya makarani

Mgeni huyo hakuweza kuandika kila kitu peke yake. Mwaka 1892 Wajerumani walifungua shule ya serikali mjini Tanga. Shule hiyo ilifundisha kusoma, kuandika na hesabu, na vijana waliotoka humo wakawa makarani, wakalimani, walimu na watoza kodi. Hapo ndipo mafunzo ya kazi za ofisi yalipoanza katika pwani hii kwa mtindo wa shule ya serikali. Shabaha yake ilikuwa wazi: kumpata mtu wa kuandika hesabu za mtawala, asiyeruhusiwa kuuliza hesabu hizo zinakwenda wapi.

Mwaka uliofuata, 1893, mtaalamu Richard Hindorf alileta mkonge. Kati ya miche 1,000 iliyotoka Florida kupitia Hamburg ilipona 62 tu, ikapandwa Kikogwe, karibu na mji wa Pangani. Kutoka miche hiyo 62 yalizaliwa mashamba yaliyojaza Mkoa wa Tanga, na Mwera ikawa nchi ya mkonge. Shule ya makarani na shamba la mkonge vilikuja pamoja, na havikukutana kwa bahati. Shamba kubwa haliwezi kwenda bila mtu wa kuhesabu.

Katika mashamba hayo mfanyakazi alipewa kipande. Kilikuwa kadi yenye nafasi za siku 30 za kazi. Aliyemaliza kazi yake ya siku aliwekewa alama. Aliyepungukiwa na mafungu machache ya majani hakuwekewa, ingawa alikuwa ametoka jasho toka alfajiri. Mshahara ulilipwa kipande kikijaa. Kwa hiyo siku ya kalenda na siku ya kipande zilikuwa siku mbili tofauti, na mwenye kuamua tofauti hiyo alikuwa nyapara pamoja na karani. Wafanyakazi walioletwa kutoka mbali waliitwa manamba, kwa sababu mtu alijulikana kwa namba yake. Mwaka 1944 wenye mashamba waliunda ofisi yao ya kuandikisha vibarua, SILABU, na uhesabuji wa watu ukawa kazi kamili yenye vituo na malori yake.

Lakini elimu ina pande mbili, na mkoloni hakuweza kuuzuia upande wa pili. Mwaka 1922, mjini Tanga hapohapo, Martin Kayamba na wenzake waliunda chama cha watumishi wa serikali Waafrika. Mwaka 1929 kikaundwa Chama cha Waafrika wa Tanganyika, ambacho mwaka 1954 kiligeuzwa kuwa TANU. Karani aliyefundishwa kuandika majina ya wengine alijifunza pia kuandika daftari la wanachama. Chombo ni kilekile. Kilichobadilika ni mikono iliyokishika na shabaha yake.

Azimio la Arusha na upungufu wa watunza hesabu

Azimio la Arusha la Februari 1967 lilitangaza kwamba njia kuu za uchumi ziwe mikononi mwa wakulima na wafanyakazi. Mabenki yalitaifishwa mara moja, na mwezi Oktoba mwaka huo sehemu kubwa ya mashamba ya mkonge ikawekwa chini ya shirika la umma. Siku ile tatizo jipya lilijitokeza. Njia za uchumi zilikuwa zetu, lakini wenye ujuzi wa kutunza na kukagua vitabu vyake walikuwa wachache mno.

Hatua zilichukuliwa. Chuo cha Elimu ya Biashara kilikuwa kimekwisha kufunguliwa Dar es Salaam mwaka 1965, na Chuo cha Ushirika Moshi mwaka 1963. Mwaka 1972 vilifuata Chuo cha Uongozi wa Maendeleo Mzumbe, Chuo cha Usimamizi wa Fedha, na sheria ya kuunda bodi ya wahasibu na wakaguzi. Baada ya Azimio la Musoma la 1974, shule za sekondari ziligawiwa michepuo ya kilimo, ufundi, sayansi kimu na biashara. Katika mchepuo wa biashara mwanafunzi alijifunza kutunza vitabu: stakabadhi, daftari la fedha, leja, urari na mizania.

Utaratibu wenyewe uliandikwa na Luca Pacioli huko Venice mwaka 1494, nao ulikuwa utaratibu wa wafanyabiashara. Msingi wake ni kwamba kila shilingi huandikwa mara mbili: ilikotoka na ilikokwenda. Pande mbili zisipolingana, kuna kosa au kuna wizi. Silaha hii haikubuniwa kwa ajili ya mnyonge. Lakini hakuna anayeihitaji kuliko mnyonge, kwa sababu ndiye anayeambiwa kila siku kwamba fedha zimekwisha.

Hapa hapana budi kusema ukweli. Somo lilibaki darasani. Mwanafunzi alikariri leja ya duka la kubuni huku hesabu za kijiji anachotoka hazisomwi. Ushirika mwingi ulidhoofika kwa sababu wanachama hawakuweza kuwahoji watunza hesabu wao. Mwaka 1976 vyama vikuu vya ushirika vilivunjwa, na mwaka 1982 sheria ikavirudisha. Mkonge, uliofikia tani zaidi ya 230,000 mwaka 1964, uliporomoka. Nyuzi za viwandani zilishusha bei, hilo ni kweli. Lakini uendeshaji usiohojiwa na wafanyakazi nao ulikuwa na sehemu yake.

Kompyuta: kupigwa marufuku na kurudi

Kompyuta ya kwanza nchini ilifungwa Wizara ya Fedha mwaka 1965. Mashine ilinunuliwa nje, vipuri vilitoka nje, na waliojua kuiendesha walikuwa wachache. Hesabu za serikali zilipovurugika baada ya kuhamia mtambo mpya, mwaka 1974 serikali ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta bila kibali.

Uamuzi huo siku hizi huchekwa. Asiyejua historia tu ndiye anayeucheka. Nchi changa isiyo na fedha za kigeni haikuweza kuendelea kulipia mashine ambayo haikuitawala. Hata hivyo uamuzi huo ulitibu dalili tu. Tatizo halikuwa mashine, bali kwamba hatukuwa na watu wa kuitawala, na watu hao hawazaliwi kwa kufunga mlango. Mlango ulipofunguliwa miaka ya mwanzo ya 1990, katika wimbi la ubinafsishaji, kompyuta ziliingia kwa wingi na nchi ikazipokea kama mnunuzi. Sera ya taifa ya teknolojia ya habari na mawasiliano ilipitishwa mwaka 2003, na ile ya elimu ya msingi mwaka 2007. Kati ya tarehe hizo shule za kata zilijengwa kila upande, nyingi bila umeme wala chumba cha mashine. Somo la kompyuta likawa mara nyingi somo la ubaoni: mwanafunzi anachora kibonyezo asichowahi kukigusa.

Mashine mkononi, daftari mbali

Wakati shule ikingoja kompyuta, kompyuta ilikuja kijijini kwa njia nyingine. Mwaka 2008 M-Pesa ilianza Tanzania. Leo mvuvi wa Pangani na mkata mkonge wa Mwera hupokea na kutuma fedha kwa simu, yaani kwa daftari la mashine linalotunzwa mbali naye. Kipande cha babu yake kilikuwa kadi aliyoweza kuishika; kipande cha leo hakionekani.

Tuchukue mfano wa mkopo wa simu. Kijana anaomba sh. 100,000. Anaingiziwa sh. 80,000, kwa maelezo kwamba sh. 20,000 ni gharama, naye atarudisha sh. 100,000 baada ya siku 14. Anaambiwa riba ni ndogo au haipo. Aliyejifunza hesabu za biashara ataona mara moja kwamba ametumia sh. 80,000 na kuzilipia sh. 20,000, yaani asilimia 25 kwa wiki mbili. Wananchi wameshaipa mikopo ya namna hii jina: kausha damu. Mwezi Novemba 2024 Benki Kuu ilitoa orodha ya majukwaa ya mikopo ya kidijitali yasiyo na leseni. Serikali ikiwafunga hao leo, wengine watatokea kesho. Kinga ya kudumu ni mwananchi anayejua kukokotoa.

Mtaala ulioboreshwa wa 2023 umelifanya somo la Elimu ya Biashara kuwa la lazima katika sekondari ya kawaida. Jambo hili ni kubwa kuliko inavyodhaniwa, kwa kuwa sasa kila kijana atakayeingia kidato cha kwanza atakutana na daftari. Hatari ni kwamba somo linaweza kugeuzwa kuwa mahubiri ya ujasiriamali: kila mtoto afundishwe kuuza vitumbua na vocha, na akishindwa alaumiwe kwa uvivu. Somo la namna hiyo linamfundisha mtoto wa mkulima kushindana na mama yake sokoni, na halimfundishi kumuuliza mnunuzi wa mkonge jinsi bei ilivyopatikana.

Wajibu wa makada na walimu

Kwanza, daftari la mazoezi lianze na hesabu za mahali. Sheria ya mwaka 1982 iliweka mkutano mkuu wa kijiji kuwa chombo chenye madaraka ya juu kijijini, na mapato na matumizi husomwa mbele yake. Wanafunzi wa kidato cha tatu wapewe taarifa hiyo, watengeneze urari, na waende mkutanoni wakiwa na maswali.

Pili, historia ya kipande ifundishwe pamoja na hesabu za mishahara. Kijana ajue kupiga hesabu ya siku, kazi, makato na malipo, kwa sababu kesho atakuwa kibarua, au atakuwa karani anayewawekea vibarua alama.

Tatu, kompyuta ifundishwe kama mtambo wa kutawaliwa. Kujua kuchapa barua hakutoshi. Mwanafunzi ajue kutengeneza jedwali la kukokotoa na kuandika programu fupi, aelewe kwamba kila programu imeandikwa na mtu mwenye shabaha yake. Mahali ambapo mashine ni moja, iwe ya zamu. Mahali ambapo haipo, mantiki yake ifundishwe kwa karatasi huku umeme ukidaiwa bila kuchoka.

Nne, kada mwenyewe ajifunze. Katibu wa tawi asiyeweza kusoma mizania hawezi kulinda mali ya wanachama, hata akiwa hodari wa hotuba.

Watu wa Pangani walipigania forodha mwaka 1888 kwa bunduki za gobori wakashindwa. Vita hivyo havikwisha. Vimehamia katika leja na katika programu. Mtoto wa Mwera anayejua kuandika na kuhakiki hesabu zake mwenyewe ni askari wake, na shule ya sekondari ya kata ndiyo kambi yake ya mafunzo.