Watu 503 na Mgeni Kutoka Arkansas

Mwaka 2010 Massmart, kampuni ya maduka makubwa ya Afrika Kusini, iliwapunguza kazini watu 503. Habari za namna hiyo huchakaa kwa siku moja: kampuni inapanga upya shughuli zake, watu wanapewa barua, mji unaendelea na mengine. Lakini Septemba ya mwaka huohuo ikatangazwa kwamba Walmart ya Marekani inataka kuinunua Massmart, na zile barua 503 zikaanza kusomwa upya. Je, watu hawa waliondoka kwa sababu kazi zao zilikwisha kweli, au nyumba ilikuwa ikifagiliwa kabla mgeni hajabisha hodi?

Mgeni mwenyewe alifika na sifa zake. Sam Walton alifungua duka la kwanza la Walmart katika mji mdogo wa Rogers, Arkansas, tarehe 2 Julai 1962. Hesabu yake anaijua muuza duka yeyote: punguza bei kidogo, uza vingi, na mwisho wa mwezi utamzidi jirani anayeng'ang'ania faida nono kwa kila kitu. Walton aliipeleka hesabu hiyo kwenye miji ambayo makampuni makubwa yaliidharau, miji ya watu elfu chache. Alijenga ghala katikati na kuyazungusha maduka pembeni, kila moja umbali ambao lori lingeweza kufika kwa siku. Kila senti ilibanwa, na mshahara nao ni senti. Katika kitabu cha maisha yake kilichotoka 1992, mwaka aliofariki, Walton alikiri mwenyewe kwamba mwanzoni aliwalipa wafanyakazi wake kidogo mno.

Chama cha wafanyakazi hakukitaka, na walioshika kampuni baada yake hawakukitaka pia. Mwaka 2000 wakata nyama wa duka la Jacksonville, Texas, walipiga kura wajiunge na chama, 7 dhidi ya 3. Haukupita mwezi kampuni ikatangaza kwamba maduka 180 yataanza kupokea nyama iliyokatwa na kufungashwa kiwandani. Ilisema mpango huo ulikuwapo kabla ya kura. Huko Jonquière, katika jimbo la Quebec nchini Kanada, wafanyakazi wapatao 190 walipata chama mwaka 2004. Aprili 2005 duka likafungwa kwa maelezo kwamba halilipi. Mahakama ya Juu ya Kanada ilikuja kuamua kwamba sheria ya kazi ya Quebec ilivunjwa, lakini ilikuwa mwaka 2014, na wakati huo waliokuwa wakiuza pale walikuwa wameshatawanyika. Basi viongozi wa SACCAWU, chama cha wafanyakazi wa maduka na hoteli Afrika Kusini, waliposikia jina la mnunuzi, hawakuhitaji kupiga ramli.

Kilichoifanya Afrika Kusini iwe tofauti ni sheria. Miji ya Marekani iliyotaka kumzuia Walton na warithi wake mara nyingi ilibaki kubishana juu ya viwanja, maegesho na foleni za magari, maana hapo ndipo mamlaka ya mji yalipoishia. Inglewood, California, wakazi walilikataa duka hilo kwa kura ya maoni Aprili 2004, na hata kura ile kwenye karatasi ilihusu ramani na vibali vya ujenzi. Sheria ya Ushindani ya Afrika Kusini ya mwaka 1998 ilikwenda mbali zaidi. Kampuni mbili zikitaka kuungana, lazima iulizwe pia muungano huo utaifanyia nini ajira, utaifanyia nini sekta husika ya viwanda, na biashara ndogo zitakuwa wapi. Waliokuwa wametoka juzi tu kwenye ubaguzi wa rangi waliandika swali la mfanyakazi ndani ya sheria ya wafanyabiashara. Nchi chache zilikuwa zimethubutu hivyo.

Kesi ikafika mbele ya Baraza la Ushindani, Pretoria. Hoja ya wanunuzi haikuwa ya kubezwa. Walmart haikuwa na duka hata moja Afrika Kusini, kwa hiyo hakuna mshindani aliyekuwa akimezwa, na bei zikishuka atakayefaidi kwanza ni maskini anayemaliza mshahara wake kwenye chakula. Anayeichukulia hoja hii kwa dharau hajawahi kusimama mbele ya rafu akirudisha pakiti ya pili ya sukari. Upande wa pili walikuwapo vyama vya wafanyakazi na mawaziri watatu wa serikali, akiwamo Ebrahim Patel wa Maendeleo ya Uchumi. Patel alikuwa amewahi kuwa katibu mkuu wa chama cha wafanyakazi wa nguo, na alijua kinachotokea cherehani zinaponyamaza kwa sababu shati la nje limetua bandarini kwa bei ya chini. Hofu yao kubwa haikuwa duka lenyewe. Waliogopa mtandao wa manunuzi ulio nyuma yake, unaoweza kuagiza kutoka popote duniani na kumwacha mtengenezaji wa Durban au Cape Town akiwa na stoo iliyojaa.

Tarehe 31 Mei 2011 Baraza liliruhusu ununuzi wa asilimia 51 ya hisa, kwa masharti ambayo kampuni zenyewe zilikuwa zimejitolea kuyabeba. Kwa miaka miwili asipunguzwe mtu kwa sababu ya muungano. Mikataba ya chama iheshimiwe kwa miaka mitatu. Randi milioni 100 zitengwe kuwainua watengenezaji wa ndani. Na wale 503? Wafikiriwe kwanza nafasi zikitokea. Mtu aliyewahi kuambiwa "tutakufikiria" anajua uzito wa ahadi hiyo.

Mawaziri wakaomba uamuzi upitiwe upya, na chama kikakata rufaa. Machi 2012 Mahakama ya Rufaa ya Ushindani, chini ya Jaji Dennis Davis, iliuacha muungano usimame lakini ikaigeuza ile ahadi kuwa amri: watu 503 warudishwe kazini. Kupunguzwa kwao, majaji waliona, hakuwezi kutenganishwa na ununuzi uliofuata. Kuhusu watengenezaji wa ndani, mahakama ilitaka ushauri wa wachumi watatu, mmoja wao Joseph Stiglitz, mshindi wa tuzo ya Nobel, na kabla mwaka haujaisha mfuko ukapandishwa hadi zaidi ya randi milioni 200.

Sisi huku Afrika Mashariki tuliingia katika mkataba ule kwa mlango wa nyuma. Massmart ilikuwa na maduka ya Game, jina lililoanzia Durban mwaka 1970, na mawili kati yake yalikuwa Lugogo, Kampala, na Mlimani City, Dar es Salaam. Mwaka 2015 likafunguliwa lingine Garden City, Nairobi. Wengi waliingia humo kutazama runinga na majokofu, kisha, wale wa Dar es Salaam, wakaenda kununua sokoni Kariakoo, ambako bei inazungumzika. Vya kila siku vilibaki kwa Mangi wa duka la mtaani, anayepima mafuta ya kula kwa kikombe na kuandika deni kwenye daftari. Bei ya chini iliyotetemesha miji ya Marekani huku ilikutana na watu wanaoishi kwa kupunguziana.

Ile miaka miwili ya kutopunguza watu, iliyowekwa Pretoria, nayo ilipita. Januari 2020 Massmart ilitangaza kwamba huenda ikafunga maduka yapatayo 34 Afrika Kusini, na hadi watu 1,440 wangeguswa. Mwaka uliofuata ikasema inatafuta mnunuzi wa maduka 14 ya Game katika Kenya, Uganda, Tanzania, Ghana na Nigeria. Mnunuzi wa kuyachukua hakupatikana, na mwaka 2022 rafu zikaanza kushushwa. Masharti ya 2011 hayakuwa yamevuka mpaka. Waliokuwa wakipanga bidhaa Mlimani City na Lugogo hawakuwa katika hesabu ya 503, wala katika ile ya 1,440.