Chano Kabla ya Pilau: Asili ya Mlo wa Siku ya Mapumziko Pwani

Kuna kauli inayorudiwa kila yanapozuka mazungumzo ya vyakula vya mwambao, nayo husemwa kwa uhakika mkubwa: kwamba mlo wetu wa siku ya mapumziko, ule wa sinia moja, wali uliokolea samli, kitoweo, achari na ndizi mbivu pembeni, ni kitu tulicholetewa. Huyu humtaja Mwarabu, yule Mwajemi, mwingine Mhindi. Kwa kauli hiyo mama zetu walipokea mwiko tu wakaendelea kukoroga. Siikubali, na sababu yangu ya kwanza imo katika ukurasa ambao wengi wetu tumeuruka.

Msafiri Ibn Battuta wa Tangier alifika Mogadishu mwaka 1331, kwa hesabu ya wanahistoria wengi, kabla ya kuendelea Mombasa na Kilwa. Maneno yake juu ya chakula cha mji ule yanajulikana. Aliandaliwa wali uliopikwa kwa samli, ukapakuliwa katika chano kikubwa cha mti, na juu yake vitoweo vya kuku, nyama, samaki na mboga. Ndizi mbichi zilipikwa kwa maziwa. Palikuwa na maziwa ya mgando, ndimu za achari, vichala vya pilipili vilivyotiwa siki na chumvi, tangawizi mbichi na maembe. Mlaji akimeza tonge la wali, alifuatisha kitu kichachu. Mgeni alistaajabu kuona mtu mmoja wa pale akila kiasi cha kundi zima la watu wa kwao.

Hapo ndipo wanukuzi hufunga kitabu. Laiti wangeendelea kidogo. Ibn Battuta anasema alikaa siku tatu akiletewa chakula mara tatu kwa siku, kama ilivyokuwa desturi yao. Siku ya nne ilikuwa Ijumaa. Kadhi, wanafunzi wa dini na waziri mmoja walimletea mavazi, wakaenda naye msikitini. Baada ya swala Sheikh wa mji alirudi kwake kwa miguu katika msafara wenye ngoma, chini ya vivuli vinne vya hariri ya rangi, kila kimoja na ndege wa dhahabu kileleni. Kisha inakuja Jumamosi, na Jumamosi ndiyo inayonivutia. Siku hiyo watu walikuja mlangoni kwa Sheikh wakakaa katika mabaraza ya nje. Makadhi, mafakihi, masharifu, mahujaji na wazee waliingia ndani, kila kundi mahali pake. Chakula kikaletwa. Waliokuwa barazani na Sheikh walikula pamoja naye, wengine wakala katika ukumbi wa chakula kwa utaratibu uleule wa kuingia. Baada ya kula ndipo mashauri ya watu yaliposikilizwa: ya sharia kwa kadhi, mengine kwa mawaziri.

Kwa hiyo karibu miaka 700 iliyopita, katika mji wa pwani yetu, palikuwa na siku mbili zilizofuatana kila juma, moja ya ibada na ya pili ya mlo wa pamoja na kupatanisha watu. Huo haukuwa mlo wa harusi wala wa matanga. Ulikuwa wa kila juma. Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo, aliyeeleza karamu za ndoa, jando na mazishi katika Desturi za Wasuaheli, kitabu alichokitoa Carl Velten mwaka 1903, ametuachia mengi juu ya sherehe kubwa. Mlo wa kila juma, ule usio na sababu nyingine isipokuwa siku yenyewe, hauvuti macho ya mwandishi kwa urahisi. Ndiyo maana ukurasa huu wa Mogadishu ni wa thamani.

Najua pingamizi: Mogadishu si Uswahilini. Sheikh wa wakati ule, Ibn Battuta anasema, asili yake ni watu wa Barbara, yaani Wasomali, na lugha yake ilikuwa ya Mogadishu. Pingamizi hili nalipa heshima yake, kwa sababu mpaka wa Uswahili upande wa kaskazini haujawahi kuwa mstari. Lakini Barawa, mji jirani kusini mwa Mogadishu, umesema Chimwini hadi zama zetu, na Chimwini ni Kiswahili cha kaskazini kabisa. Mashua ziliunganisha pwani ya Benadiri yenye miji hiyo miwili, Lamu, Mombasa na Kilwa, na pamoja na bidhaa zilipita ndoa. Isitoshe, utazame mlo wenyewe. Mtu wa Lamu au Unguja akisoma ile orodha hahitaji mkalimani: ndizi mbichi tunapika kwa tui badala ya maziwa, ndimu na maembe tunatia achari, na chano cha mti bado kinajulikana katika nyumba za zamani.

Walipokuja wanahistoria na wachimbaji wa makale, kwa miongo mingi swali la asili ya mlo huu halikuwapa shida. Reginald Coupland, akiandika mwaka 1938, aliuona mwambao kama uwanja wa wageni waliovamia, na kichwa cha kitabu chake kinasema hivyo waziwazi. James Kirkman alichimba Gedi kuanzia mwaka 1948 na kuuita mji wa Waarabu. Sioni haja ya kuwajibu kwa urefu. Walitazama misikiti, makaburi na majumba ya mawe, wakauliza nani aliyejenga, wala hawakuuliza nani aliyepika.

Waliouliza wamejibiwa vizuri. Kisiwani Pemba, Sarah Walshaw alichunguza mbegu zilizoungua na kubaki ardhini katika magofu ya Tumbe na Chwaka. Tumbe, uliokaliwa takriban karne ya 7 hadi ya 10, nafaka kuu ilikuwa uwele. Mchele ulikuwapo, lakini kidogo. Chwaka, kuanzia karne ya 11, mambo yaligeuka: mchele ukawa nafaka kuu. Katika makala yake ya mwaka 2010 alilihusisha geuko hilo na kukua kwa miji na kuenea kwa Uislamu. Jeffrey Fleisher, aliyefanya kazi Pemba pia, alitazama vyombo, hasa mabakuli, akaona humo dalili za karamu na za watu kupimana hadhi kwa kulishana.

Fikiria maana yake. Mchele ni kazi: kulima bondeni, kuamia ndege, kuvuna, kutwanga kwenye kinu, kupepeta. Uwele unavumilia ukame na kushibisha watu bila taabu kubwa hivyo. Mtu haachi nafaka ya uhakika na kuchukua ya mashaka kwa sababu ya njaa. Huichukua kwa sababu ya meza, yaani ya wageni, ya siku ya msikiti, ya heshima ya kupakua cheupe mbele ya watu. Mpunga asili yake ni Asia, hilo halina ubishi. Lakini uamuzi wa kuufanya chakula cha siku kubwa ulifanyika Pemba, shamba kwa shamba, kwa karne kadhaa, na mikono iliyofanya hivyo ilikuwa ya watu wa Pemba.

Tena mikono ya nani hasa? Mwaka 2023 ulitolewa uchunguzi wa vinasaba vya watu 80 waliozikwa katika miji ya pwani na mmoja wa bara, wengi wao kati ya mwaka 1250 na 1800. Chapurukha Kusimba alikuwa miongoni mwa watafiti. Matokeo yalipokelewa kwa kelele, kila upande ukichukua nusu iliyoupendeza. Damu ya Asia imo, na katika miji kadhaa ni nyingi, nayo ilianza kuchanganyika karibu na mwaka 1000, zaidi kutoka kwa wanaume wa Uajemi. Upande wa kike, asili ilikuwa ya Kiafrika kwa sehemu kubwa sana. Waliobishana juu ya ukoo wa Washirazi, Waswahili wanaojinasibisha na Uajemi, walisoma humo habari za baba. Mimi nasoma habari za jiko. Mfanyabiashara aliyeshuka jahazini Manda au Kilwa akaoa, alikula alichopikiwa na mkewe, mama mkwe wake na mawifi zake. Kama aliomba ladha ya kwao, aliipata kwa moto wao, katika vyungu vyao, kwa nazi yao.

Wareno niwapite haraka. Vasco da Gama alifika Malindi mwaka 1498, na karne iliyofuata meli zao zikasaidia kueneza mazao ya Amerika: mahindi, muhogo, nyanya, pilipili kali. Hivyo kachumbari ya nyanya tunayoiona kama ya tangu na tangu ni changa kuliko chano cha Mogadishu, na vile vichala vya pilipili vya mwaka 1331 havikuweza kuwa pilipili hizi za leo. Vilikuwa vya jamaa ya pilipili manga. Katika enzi hiyo ya Wareno, Pemba ililisha Mombasa mchele.

Pilau yenyewe na biriani, kwa majina na viungo vyake, vilikita mizizi zaidi kadiri biashara ya Bara Hindi na Oman ilivyokua, na hasa baada ya Sayyid Said, sultani wa Oman, kuhamia Unguja katika karne ya 19. Hapa wapinzani wangu wana hoja. Jina limesafiri, na bizari, iliki na mdalasini vimesafiri pia. Ila tazama mpishi wa pwani alivyoifanyia biriani. Kule Bara Hindi nyama na wali hupangwa tabaka na kumalizika kuiva pamoja ndani ya chungu kilichofungwa. Kwetu rojo hupikwa peke yake, wali peke yake, na vinakutana kwenye sinia: wali chini, rojo juu. Ndio mpango uleule aliouona Ibn Battuta, wali wa samli na kitoweo juu yake, miaka mingi kabla ya biriani kuwa chakula cha harusi zetu. Mpishi alipokea viungo vipya akavikalisha mahali pa zamani. Na pilau ya Unguja, yenye vitunguu vilivyokaangwa hadi vikageuka rangi na makaa yaliyopaliwa juu ya kifuniko mpaka ukoko ukashika chini, ni kazi ya mtu aliyejua wali kabla hajaijua pilau.

Karne hiyohiyo ina upande ambao waandishi wa mapishi huukimbia. Sayyida Salme binti Said, katika kumbukumbu zake za mwaka 1886, ameeleza majiko makubwa ya majumba ya babake na mlo ambapo kila mtu alijua nafasi yake. Nyuma ya mlo huo walikuwa vijakazi waliotwanga, waliokuna nazi na kupepea moto, na mashamba yaliyolimwa na watumwa, Malindi kwa nafaka, Unguja na Pemba kwa karafuu. Utumwa ulifutwa kisheria Zanzibar mwaka 1897 na pwani ya Kenya mwaka 1907. Wanawake hao na binti zao wamechangia mapishi tunayojivunia kuliko sultani yeyote, na kila tunaposema "pilau ya Kiarabu" tunawafuta mara ya pili. Mpunga uliondoka pia na misafara hadi Tabora, Ujiji na Kasongo, na leo pilau huliwa Krismasi katika nyumba za bara ambazo hazina jamaa hata mmoja pwani.

Karafuu ilimeza mpunga. Kimbunga cha mwaka 1872 kiliangusha mikarafuu mingi ya Unguja, Pemba ikawa shamba kuu, na visiwa vilivyowahi kuuza mchele vikawa vinaununua nje. Wajapani walipoitwaa Burma mwaka 1942, mchele uliadimika pwani nzima. Wazanzibari wazee wanakumbuka pia miaka ya mwanzo ya 1970, mchele ulipogawiwa kwa kipimo na familia zikala muhogo siku ambayo zamani isingekosa wali.

Siku nayo ilihama. Kazi za mshahara, ofisi, bandari na shule zilifuata juma la Mwingereza, na Jumapili ikawa siku ambayo wote wako nyumbani. Nyumba nyingi za Mombasa na Dar es Salaam sasa zina milo miwili: Ijumaa pilau ya haraka ya waliotoka msikitini, na Jumapili mlo mrefu wa wajukuu kwa bibi. Ng'ambo mambo yamevurugika zaidi. Oman, waliko maelfu ya Wazanzibari waliohama baada ya Mapinduzi ya 1964 na kizazi chao, ilihamisha mapumziko kutoka Alhamisi na Ijumaa hadi Ijumaa na Jumamosi mwezi Mei 2013. Emirati zikahamia Jumamosi na Jumapili Januari 2022, Ijumaa ikabaki nusu siku. Kwa ndugu walioko Muscat na walioko Dubai, siku nzima ya mapumziko ya pamoja sasa ni Jumamosi tu, ilhali mlo mrefu wa Mombasa ni wa Jumapili.

Linalohitaji haraka zaidi liko kwingine. Watu wa Barawa, ambao jiko lao huenda ndilo lililo karibu zaidi na lile la Mogadishu ya mwaka 1331, walitawanywa na vita vya Somalia vya mwaka 1991. Wengi walipitia kambi za Mombasa, kisha wakafika Uingereza na Marekani. Wanawake waliojifunza kupika Barawa kwenyewe, kabla ya vita, sasa ni wazee. Wachunguzi wa lugha wamewaendea kwa ajili ya mashairi na msamiati wa Chimwini, na wamefanya vyema. Waendewe pia kwa chakula, mwaka huu na si baadaye, na waulizwe mambo mepesi: siku ya kukusanyika nyumba zao ilikuwa ipi, ndizi mbichi walipika kwa maziwa au kwa tui, ndimu walitia siki au jua peke yake, na wali ulipopakuliwa, nani aliitwa kwanza.